Jairus Kiragu Kagwe na Nyimbo za Stoo ya Mzee

Wazazi wetu, watumishi wa Mungu, majirani wa Kiminini na wa Matisi, nanyi wageni mliotoka Kimilili na Kibabii mkafika hapa kabla umande haujakauka, familia ya Mzee Kagwe Ngige inawashukuru kwa kuketi nasi chini ya hema hili, na inawaomba mtulie kidogo tuwasomee jinsi Jairus alivyoishi, ingawa yeye mwenyewe, kama mnavyojua, hakuwahi kutulia hata siku moja.

Jairus Kiragu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika boma hili, mtoto wa tatu na mvulana wa pili wa Mzee Kagwe na Mama Rahab Ciru, miaka mitatu baada ya wazazi hao kuhama kutoka Nyeri na kuja kulima mahindi Trans-Nzoia, naye akapewa jina la babu yake mzaa mama kama ilivyo desturi. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na mama yake husema kwamba kuanzia hapo hakuna aliyewahi kumwona akimaliza chakula ameketi, kwani ugali aliula akizunguka meza, na chai aliinywa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Kiminini kuanzia mwaka wa 1978 hadi 1985, kisha akajiunga na shule ya upili ya bweni huko Kimilili mwaka wa 1986, na pale akakutana na mwanafunzi mwenzake kutoka Kibabii aliyeitwa Barasa, ambaye walimu walimjua kwa kupiga madawati kwa mikono mpaka misumari ikalegea. Hao wawili waliazima gita la wanafunzi wa Kikristo, gita kuukuu lenye nyuzi nne badala ya sita, wakalipiga miaka minne, na walipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 1989, Jairus alipata alama za kumtosha kwenda chuo cha ufundi Eldoret kusomea umeme. Alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akarudi nyumbani akiwa na begi lake, akamwambia baba yake, "Mzee, kule wananifundisha stima ya kwa karatasi, na mimi nataka ile inanguruma." Mwaka wa 1992 alifungua kibanda cha kutengeneza redio mtaani Matisi, Kitale, na kazi hiyo aliifanya hadi nguvu zilipomwishia.

Tarehe 21 Desemba 1996 alifunga ndoa na Emmy Nakhungu, mwalimu wa shule ya msingi, katika kanisa la kwao Kibabii, na ikumbukwe kwamba Emmy ni dada yake Barasa, kwa hiyo aliyekuwa rafiki akawa shemeji, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kevin Kagwe aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1998, na Ciru aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2001.

Mwaka wa 1999 Jairus na Barasa, pamoja na Bramwel Wabwile aliyepiga gita la besi, waliunda bendi ya Radi Kavu, wakipiga bluzi iliyochanganywa na roki, muziki ambao wengi hapa hatukuuzoea, lakini vijana wa Kitale na Bungoma waliufuata kila ulikokwenda. Jairus alitengeneza amplifaya zake mwenyewe kutokana na redio zilizokufa, na spika zake zilitikisa mabati ya jirani. Albamu yao ya kwanza, Waya Wazi, ilitoka mwaka wa 2002, na ya pili, Transfoma, mwaka wa 2004, na wimbo uliobeba jina hilo ulipigwa kwenye baa na kwenye harusi, hata watoto wakitoka shule waliuimba njiani.

Katika mwaka huo huo wa 2004 sikio lake la kushoto lilianza kuvuma, mlio mwembamba kama wa redio ambayo haijashika stesheni, usiokatika mchana wala usiku. Yeye alidhani ni uchovu, akaongeza sauti ya amplifaya ili aufunike ule mlio, na kadiri alivyoongeza ndivyo ulivyozidi, mpaka akawa hawezi kukaa chumba kimoja dakika kumi. Mei 2005, katika tamasha mjini Bungoma, alipiga wimbo mzima kwa ufunguo tofauti na wa Bramwel bila kujua, watu wakacheka, na Barasa akamvuta kando na kumuuliza kama amekunywa. Jairus akatoka nje akatembea kwa miguu hadi Kibabii kwa wakwe zake.

Baada ya wiki tatu Emmy alimpeleka kwa daktari Eldoret, na tarehe 22 Juni 2005 wakaelezwa kwamba kuna uvimbe kwenye mshipa wa sikio, karibu na ubongo, mahali pagumu kwa kisu, na kwamba spika kubwa zingemuumiza zaidi. Njiani wakirudi alimwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote, hata kaka yake Barasa. Alimwambia, "Sitaki mtu anipigie ngoma ya huruma."

Kwa hiyo aliitisha bendi pale kibandani, akawaambia kwamba albamu ya tatu itapigwa kwa gita kavu, bila amplifaya, bila dramu kubwa, na sababu hakuitoa. Barasa alisimama. "Ati tukae kwa viti kama kwaya ya akina mama?" aliuliza. "Si watu wanataka Transfoma, shemeji? Sasa mimi nitapiga nini, sufuria?" Jairus, naye akiwa na hasira yake, alimjibu kwamba anayetaka kelele aende akatafute jenereta, na Barasa akafungasha dramu zake siku hiyo hiyo, akarudi Bungoma, na kwa miezi mitano watu hao wawili ambao hawakuwahi kupitisha wiki bila kuonana hawakusalimiana hata kwa simu. Emmy alibaki katikati, kaka upande huu na mume upande ule, amebeba neno ambalo lingewapatanisha na ameapishwa asiliseme.

Mwanzoni mwa Novemba, mavuno yakiwa yameingia, Jairus alimwomba baba yake stoo ya mahindi, kwa sababu magunia yaliyopangwa hadi juu hunyonya mwangwi, na humo ndani hata mlio wa sikio lake ulikuwa kama umepungua. Mzee Kagwe, ambaye muziki ule hajawahi kuupenda na hafichi, alimpa mpaka siku lori litakapokuja kuchukua mahindi. Bramwel alileta kompyuta na vinasa sauti viwili, wakaanza, lakini Jairus hakuweza kukaa, alitembea akipiga, na kinasa sauti kikawa kinamsikia akienda na akirudi, hadi Bramwel alipomfunga mguu mmoja kwenye kiti kwa kamba ya gunia. Mkiisikiliza albamu hiyo kwa makini mtausikia ule mguu mwingine, ukigonga sakafu nyimbo zote tisa.

Nyimbo zilikuwa nzuri lakini zilikosa kitu, na wote wawili walijua ni nani. Tarehe 26 Novemba Emmy alishindwa kuvumilia, akapanda gari hadi Kibabii, akamwambia kaka yake kila kitu, na kesho yake mchana Barasa akatokea mlangoni pa stoo, bila dramu, bila maelezo. Alisema tu, "Nimekuja kuona kama mahindi imekauka." Akaketi juu ya gunia, akalipiga kwa viganja viwili, akasikiliza, akapiga tena, kisha akachota punje kwa gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka, akampa Bramwel aitikise. Jairus akarudi mwanzo wa wimbo.

Lori lilifika siku ya Alhamisi, tarehe 8 Desemba, wimbo mmoja ukiwa bado. Wabebaji walikuwa wameshatoa nusu ya magunia, na sauti ndani ya stoo ikaanza kufunguka na kurudi kutoka ukutani, kitu ambacho wiki zote walikuwa wamekikimbia. Jairus akasema wapige hivyo hivyo. Dereva alikuwa anapiga honi, na ndipo Mzee Kagwe alipotoka nje na fimbo yake, akasimama mbele ya lori. "Zima hiyo kitu kwanza," alimwambia dereva, "hawa watu hawajamaliza." Wabebaji wakaketi kwenye nyasi, Mzee akabaki amesimama mlangoni mpaka mwisho, na ulipokwisha alisema, "Huu nimesikia maneno yake." Jairus aliwaambia watoto wake mara nyingi kwamba hakuna aliyewahi kuusifu muziki wake kuliko hivyo.

Albamu ilitoka Aprili 2006 kwa jina la Stoo ya Mzee. Hatutawadanganya kwamba wote waliipenda, kwani mjini Kitale watu walipiga kelele wakidai Transfoma, na wengine wakatoka kabla ya wimbo wa tatu, na Jairus akarudi nyumbani akazunguka uwanja mpaka mkewe akamfuata na koti. Hata hivyo mwezi wa Julai redio za magharibi zilianza kuipiga asubuhi, na wanawake wa sokoni Kimilili, ambao Radi Kavu haikuwahi kuwajali, wakawa wanamsimamisha njiani na kumwomba awaimbie ule wa mwisho.

Kuanzia Januari 2007 uvimbe ulizidi, akapoteza sikio la kushoto kabisa, kisha mizani ya mwili, akalazwa Eldoret mara tatu. Mwezi wa Aprili, Barasa akiwa ameketi kitandani pake, Jairus alimuuliza, "Siku ile ya mahindi, ulikuwa unajua?" Barasa alisema alijua. "Kwa hivyo ulinihurumia." Barasa, ambaye ametupa ruhusa tuyasome haya mbele yenu, alimjibu, "Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya pili, bana, wimbo ulinishika, nikasahau kama wewe ni mgonjwa." Jairus alicheka, akafumba macho, akamwomba amsogelee upande wa kulia.

Alirudishwa nyumbani kwake Matisi tarehe 14 Mei, na Jumanne tarehe 5 Juni 2007, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alipumua mara ya mwisho, mke wake akimshika mkono na dirisha likiwa wazi.

Ameacha wazazi wake, mjane wake Emmy, watoto wake Kevin na Ciru, ndugu wanne, na Radi Kavu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret waliosema naye ukweli kwa upole, walimu wenzake Emmy waliofundisha vipindi vyake muhula mzima, wakwe zetu wa Kibabii, na mafundi redio wa Kitale waliokishikilia kibanda chake. Zaidi ya yote inawashukuru majirani wa Matisi, kwa sababu wiki tatu za mwisho kila sauti ilimchoma kama sindano, na mtaa huo wenye kelele kuliko yote ulinyamaza, na mwenye baa ya mkabala, bila kuombwa na mtu, alizima spika zake na kuwauzia wateja wake kimya.

Familia inawaomba, majirani wetu, kuanzia jioni ya leo mfungulie redio zenu kama kawaida.

Pumzika salama, Jairus.