Mama Emilienne, Mkunga Aliyemrudisha Louise Shuleni

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Mama Emilienne Mwamini anastaafu na kuvua blauzi nyeupe ya kazi baada ya miaka thelathini na mitatu katika materniti, yaani wodi ya wazazi, ya parokia yetu, hapa Kasongo. Alianza kwa baiskeli, akienda hadi kijiji cha Lusangi kupima wajawazito. Waendesha pikipiki wa leo wanamwogopa: dereva akimleta mama mwenye uchungu, atahojiwa juu ya kila shimo ambalo hakulikwepa.

Sisi wenzake tutamkumbuka zaidi kwa Jumapili moja ya mwaka 2019. Redioni watu walikuwa wakibishana kuhusu utoaji mimba, na parokia ikaitisha mkutano. Mwanasheria kutoka Kindu alitaka sheria ilegezwe. Wazee wa parokia walitaka wanaotoa mimba wafungwe. Halafu Mama Emilienne akasimama.

"Mimi ni Mukatoliki, mimba siwezi kutoa," alisema. "Lakini mwanamuke akifika kwangu na damu, ninamutunza, simuhukumu. Sasa ninyi munaosema mutoto azaliwe, munijibu: Louise iko wapi?"

Louise, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, alikuwa amefukuzwa wiki mbili kabla kwa sababu ya mimba. Barua ya kumfukuza ilisainiwa na Padri Raphaël, mkuu wa shule, naye alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Nilikosa," Padri alisema.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Salamabila, ambako Louise alikuwa amepelekwa kwa mjomba wake, na ambako tayari alikuwa akitafutiwa dawa za kuitoa mimba. Padri alimwomba msamaha mbele ya ukoo, akarudi naye. Mama Emilienne alimpokea nyumbani kwake, akamzalisha mtoto wa kike. Mtoto alishinda materniti, tukimbeba mgongoni kwa zamu, ili mama yake asome.

Siku Louise alipofaulu mtihani wa serikali, Mama Emilienne alimwagiwa poda, kama wanavyofanyiwa hapa wanaofaulu, utadhani yeye ndiye mwanafunzi. Aliingia wodini mweupe kutoka kichwani hadi miguuni, na mama mmoja aliyekuwa akisukuma akaangua kicheko, mtoto akatoka.

Tangu hapo shule yetu haijamfukuza msichana yeyote mjamzito. Kumi na tisa wamemaliza masomo. Mabishano bado yanaendelea redioni. Wasichana, wao, wana diploma.

Asante, Mama yetu. Sasa lala mpaka jua lipande, lima mpunga wako bila haraka, na Mungu akujalie uzee wenye afya na nyumba yenye wageni.