Vijiti Sita vya Tajiri wa Amerika

Benchi la Sentimita, fundi wa nguo, liko mtaa wa Nyakabanda, mbele ya duka lake la cherehani, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kazi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1992 alikuwepo Ilyasi, dereva wa malori, ambaye tangu vita ifunge njia ya kaskazini ya Gatuna alikuwa akifuata mizigo kwa kuzungukia Tanzania, hata kijiwe kizima kikamwita Rusumo, jina la mpaka anaouvuka. Lori lake lilikuwa gereji. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi aliyopewa na mkewe alfajiri, aisaini kabla ya saa sita, kwa maana saa sita nesi wa dispansari anafunga orodha na kwenda zake. Mtu mwenye akili zake angesaini nyumbani. Ilyasi akaileta kijiweni, mahali ambapo watu hawajawahi kukubaliana hata leo ni siku gani.

— Soma, Profeseri. Wewe iko na Kifaransa.

Hakizimana alivaa tai siku zote, hata akifua. Uprofeseri wake aliupata kwa kuosha chupa miaka minne katika laboratwari ya wazungu. Akainyoosha karatasi juu ya goti, akaisoma kimyakimya mpaka wenzake wakachoka.

— Ni proje, alisema. Utafiti wa sayansi. Wanatafuta wanawake mia moja. Kila mmoja anatiwa vijiti sita chini ya ngozi ya mkono, hapa, na miaka mitano hashiki mimba. Mume asaini. Ni bure.

— Bure, nani analipa? aliuliza Niyonzima. Huyu ndiye Redio, na kiredio chake hakimtoki sikioni hata akiongea na watu.

— Tajiri mmoja wa Amerika. Jina lake limejaza mstari mzima hapa chini.

Kuna jambo ambalo Ilyasi hakuwaambia. Uzazi wa mwisho mkewe alivuja damu siku nzima, na daktari alimvuta pembeni akamwambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Ilyasi alikuwa na hofu, lakini hofu ya mwanamume huyu hupenda kujivika ubishi.

— Mutu hanijui, alisema, hajanywa hata maji kwangu, anilipie mke wangu asizae? Kwa nini?

Hapo ndipo alipokosea. Kijiwe kile ukikiuliza kwa nini, umeharibu siku.

— Mimi nimewaona kwa macho, alisema Profeseri. Kule laboratwari walikuwa na panya kwenye sanduku. Panya kumi, amani. Panya mia, wanang'atana masikio. Muzungu anaandika. Sasa tajiri amesoma yale maandishi, usingizi umemtoka. Anasema dunia ni sanduku.

— Na sisi?

— Sisi, sha, rafiki yangu, ndiyo panya.

— Na yeye?

Profeseri akakaza tai. — Yeye ni mwenye sanduku.

— Oya, panya gani! Redio alidakia. Jiulize kwanza, kwa nini vijiti sita? Hii redio yangu iko na kijiti kimoja tu, na inashika London. Tia sita mkononi mwa mama, tajiri anakaa kwenye kiti chake kule Amerika, anageuza kifungo, anasikia mambo yote ya nyumbani kwako.

— Atasikia nini kwangu?

— Atasikia mke wako, mama Gaju, anakuita mvivu.

— Hiyo hata wewe unasikia, na kijiti hakuna, alisema Sentimita kutoka kwenye cherehani. Nyinyi hamupimi mambo. Mimi kazi yangu kupima. Binamu yangu alifika Ubelgiji. Ng'ombe wa kule, rwose, kweli kabisa, kila mmoja iko na chumba chake. Mimi hapa chumba kimoja tunalala saba. Sasa wale ng'ombe wanazaa, na hakuna aliyewatia vijiti. Wataenda wapi?

— Wapi?

— Hapa! Milima mizuri, majani, baridi kidogo. Tajiri anasafisha nafasi. Baada ya miaka kumi ng'ombe wanashuka na ndege uwanja wa Kanombe, na Profeseri na tai yake ndiye anawapokea.

Benchi lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ilyasi alicheka kuliko wote, maana kila kicheko kilimsogezea mbele ile saa ya kusaini. Mukankusi, mama anayewauzia kahawa, peke yake hakucheka.

— Mimi iko na neno moja tu, alisema. Juzi nilipeleka mtoto dispansari na malaria. Dawa hakuna. Nikaona makarton mpaka kwenye dari. Nikauliza, hizi siyo dawa? Wakasema hapana, mama, vijiti. Huyo tajiri angetuma na kwinini kidogo, ningemwamini.

Redio akakitoa kiredio sikioni. Neno lile lilikuwa la kweli, na Ilyasi akalinyakua, kwa kuwa lilimfaa.

— Basi! Sisaini.

Aliposema hivyo akageuza uso asiione karatasi. Aliiona tena ile damu.

— Hata ukikataa, alisema Profeseri, karatasi inarudi imejazwa. Ndiyo taratibu ya sayansi. Hapa wanauliza, mama amejifungua mara ngapi?

— Watoto hawahesabiwi, alisema Ilyasi. Unaita shari.

— Mimi nahesabu nguo, alisema Sentimita. Idi iliyopita nilikukatia kanzu mbili na magauni manne. Sita hao.

— Na yule wa surua, Mungu amrehemu, alisema Ilyasi. Andika saba.

Profeseri akaandika. Mukankusi alimtazama Ilyasi, akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Karibu na saa sita akatokea Mukandayisenga, mke wa Ilyasi, kitindamimba mgongoni. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja, kwa heshima yake. Kisha akamgeukia mumewe.

— Baba Gaju, karatasi iko wapi?

— Bado tunaiangalia. Huyu tajiri iko na mambo yake, mama Gaju. Wanasema—

— Tajiri iko na yake, na mimi iko na yangu. Yeye anaogopa tutajaza dunia. Mimi naogopa kufa. Tunakutana hapo dispansari, halafu kila mutu anarudi kwake.

Aliichukua karatasi kutoka gotini kwa Profeseri. Kifaransa hakujua, lakini tarakimu alizijua vizuri.

— Saba nani ameandika?

— Mkono wangu, mama, alisema Profeseri upesi. Lakini hesabu ni ya baba Gaju.

— Baba Gaju, mimi nimejifungua mara ngapi?

Kijiwe kilichojua mpaka safari za ng'ombe wa Ubelgiji kikakumbuka kazi. Sentimita akashika futi yake ya kamba. Redio akageuza kifungo cha kiredio chake.

Ilyasi akapitia majina kichwani, tena na tena. Ndipo akakumbuka mwaka ule aliokwama bandarini Mombasa wiki sita. Aliporudi alimkuta mkewe kitandani, tumbo limeshuka, na mtoto hayupo. Akaambiwa. Akasema pole, akaomba maji ya kuoga. Aliona aibu, aibu ya kweli, na bado hesabu haikutimia. Alijua ipo nyingine, na hakuipata.

— Tisa, alisema mkewe. Wawili hawakuishi, na mara zote mbili wewe uko safarini. Mukankusi ndiye aliyenishika mkono. Muulize.

Hakuna aliyemuuliza. Ilyasi akaomba kalamu, akasaini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mkewe akaipokea ile kalamu, akakata saba, akaandika tisa, akaondoka bila kuaga.

Ilyasi alimkimbilia, akamkuta kwenye kona ya kupandia dispansari.

— Mama Gaju. Wale wawili, walikuwa wa kiume ao wa kike?

Mukandayisenga alisimama. Akampandisha vizuri mtoto mgongoni.

— Wa kike. Wote wawili. Wa pili aliishi siku tatu, iko na masikio kama yako. Twende, nesi anaondoka.