Mkono wa Bi. Chiku Kwenye Skrini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Chiku Makange anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alipoajiriwa na Ushirika wetu wa Mwani hapa Tanga mwaka 1991, alikaa kwenye swichibodi akiunganisha simu za vituo vyote. Anamaliza akiwa msimamizi wa vikao vya video, na mwenyewe husema kazi ni ileile, ila siku hizi watu wanaonana.

Huko kuonana kulianza kwa vituko. Kikao cha kwanza kilikuwa na vituo vitano, na programu ilikuwa imepangwa imkuze kila anayezungumza. Sasa, Tanga mtu anaanzaje kuzungumza? Mzee Ernesti, mwenyekiti wetu, alipokea shikamoo kutoka Horohoro, Muheza, Pangani na Ushongo. Kila shikamoo ilileta uso mpya, kila marahaba ikamrudisha mzee. Zikafuata habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Picha iliruka robo saa nzima mpaka mzee akashikwa na kizunguzungu, akaomba chai. Bi. Chiku hakumwambia mtu apunguze adabu. Aliingia kwenye mipangilio, akawapanga wote kwenye miraba iliyo sawa, na salamu zikaendelea kwa raha zake.

Alikuwa mkali, tusifichane. Ukilipa dirisha mgongo ukageuka kivuli, alikuhamisha hata kama wewe ni mkurugenzi. Mimi, Rahimu, msaidizi wake kwa miaka sita, nimehamishwa kiti mara nyingi mno, na kila mara alikuwa sahihi.

Lakini siku tunayoisimulia zaidi ni ya Machi 2023, kilipoitishwa kikao cha kuamua kama kituo cha Ushongo kifungwe. Taarifa ilidai ghala lao halina mzigo. Bi. Khadija na kina mama wenzake wa Ushongo walikuwa na mwani wa kutosha, ila mtandao wao ulikuwa dhaifu. Picha iliganda, sauti ikakatika, wajumbe wakaanza kutazama saa. Hapo Bi. Chiku, bila kuomba ruhusa, alizima picha za vituo vingine vyote, ya mkurugenzi ikiwa ya kwanza. Akampigia Bi. Khadija simu, akamwelekeza ashushe ubora wa picha hadi chini kabisa na ageuzie kamera ghalani. Kisha akaibandika Ushongo peke yake kwenye skrini za wote. Picha ilikuwa na ukungu, lakini magunia yaliyofika darini yalionekana. Kituo kipo mpaka leo, na tunajivunia.

Katika miaka yote hiyo, Bi. Chiku hajawahi kujiwashia kamera. Vituoni wanaujua mkono wake tu, wenye hina na pete ya fedha, unaokuja kunyoosha kamera ya Tanga kabla ya kikao. Wiki iliyopita kina mama wa Ushongo walituma ombi moja: wanataka kuuona uso.

Bi. Chiku, ahsante kwa kutufanya tuonane. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasiokuita kutengeneza simu zao. Jumatatu saa nne vituo vyote vitakuwa hewani, na mipangilio nitaishika mimi. Kiti chako nimekielekeza dirishani. Wewe kaa tu, usiguse kitu. Ushongo wanakusubiri.