Nzuri, Ila

Mbele ya karakana ya kutengeneza mizani palikuwa na benchi lililoinama upande. Mwenye karakana, mzee mkimya ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani, aliweza kugundua kosa la mizani ya duka kwa kuigusa sahani kwa kidole kimoja, lakini benchi la mlangoni kwake hakuwahi kulinyoosha. Waliolizoea walijua pa kukaa: mzito upande wa ukuta, wepesi upande wa barabara, na mtu asiinuke bila kuaga, la sivyo wa mwisho atajikuta chini na kikombe chake. Kila alasiri walikuja wale wale. Alikuwepo mwalimu mstaafu aliyeitwa Ngeli, kwa kuwa hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kusahihishwa. Alikuwepo kinyozi wa jirani, Wembe, jina alilopewa kwa ajili ya ulimi wala si kwa ajili ya kazi. Na alikuwepo dereva wa lori aliyeitwa Breki kwa sababu, akianza kusema, hakuwa nazo. Kahawa ilitoka kwa Mama Birika, aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko lake la mkaa na kusikia kila neno.

Alasiri hiyo benchi lilikuwa na mwanafunzi. Mjukuu wa Mizani, binti aliyezaliwa na kulelewa ng'ambo, alikuwa amekuja peke yake kumwona babu yake kwa mara ya kwanza, na kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka. Kiswahili alikianza kwenye simu, muda mfupi kabla ya safari. Mama yake hakumfundisha. Kila alipoombwa alisema, baadaye. Basi binti alifika na salamu tu, akazigawa kama peremende. Alimpa shikamoo hata mtoto wa mwenye duka, anayeng'oka meno ya mbele, na yule mtoto akajibu marahaba bila haya, akashinda mtaani anatembea kama mwenyekiti.

Mizani alikuwa na swali moja tu la kumuuliza, na alilibeba tangu siku alipompokea. Mama yako anaishije huko? Hakumaanisha kula wala kuvaa. Alitaka kujua kama mwanawe ana mtu wa kucheka naye, kama huwa anaitaja nyumba hii. Jioni ya kwanza alijaribu.

– Mama hajambo?

– Mama hajambo, babu.

– Anaendeleaje?

– Nzuri.

Mjukuu alitabasamu kwa fahari ya kupata jibu. Mizani naye akatabasamu, na swali likarudi lilikotoka.

Sasa siku zilikuwa zimekwisha, na benchi zima lilikuwa limeamua kwamba kosa ni la ufundishaji.

– Kosa ni la msingi, – alisema Ngeli. – Mmempa salamu kabla ya ngeli. Nyumba haianzwi kwa bati. Sema, mjukuu wangu: kiti, viti.

– Kiti, viti, – alisema binti.

– Kikombe, vikombe.

– Kikombe, vikombe.

– Mmeona? Haba na haba hujaza kibaba.

– Mwalimu, – alisema Wembe, – mtoto anaondoka kesho, wewe unamhesabia vyombo kama anahama.

– Wewe ungemfundisha nini?

– Kupatana bei. Mtu akijua kusema "punguza" na "basi naenda zangu", popote atakapotupwa hafi njaa. Mjukuu, sema: basi naenda zangu.

– Basi naenda zangu, – alisema binti, kwa upole kama anayeomba radhi.

Mama Birika alicheka hadi birika likayumba mkononi.

– Kwa sauti hiyo utauziwa mara mbili, mwanangu. Lazima ukunje uso.

Binti alikunja uso.

– Hapo sasa. Mama yako mtupu.

Mama Birika alilisema neno hilo kabla hajalipima. Akainamia jiko, akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Mizani alitazama. Ilikuwa kweli. Mkunjo ule mmoja katikati ya nyusi, ulioelekea kushoto kidogo, aliuona mara ya mwisho kwenye kioo cha gari lililompeleka mwanawe safari. Tangu hapo alibaki na sauti tu. Kila Ijumaa aliiweka simu kwenye sahani ya mizani ya zamani juu ya meza ya kazi, ili ikitetemeka bati la sahani lilie, naye asiikose hata akiwa anapiga msasa. Bati lililia, akapokea. Shikamoo baba. Marahaba mama. Habari za huko? Nzuri, za huko? Nzuri. Wazima? Wazima. Haya baba. Haya mama. Hata mkewe alipofariki, na mwanawe akakwama kwa sababu ya karatasi za kusafiria, simu ilikuwa fupi vilevile. Pole baba. Tumeshapoa, mama. Haya. Haya. Alipoirudisha simu kwenye sahani, sindano ilisogea kidogo, kama kawaida, wala hakuna aliyeweza kumwambia ni uzito wa nini.

– Simu yako inakufundisha nini hasa? – Breki alimuuliza binti.

Binti alifikiri, akasema taratibu:

– Daktari ana ndege wawili juu ya meza.

Wote waligeuka kumtazama.

– Siku utakayoihitaji sentensi hiyo, mjukuu wangu, – alisema Breki, – usiongee. Kimbia.

– Sentensi ni sahihi kabisa, – alisema Ngeli. – Upatanisho umekaa. Na nitawaambia jambo. Ugomvi wote wa dunia hii unatokana na upatanisho mbovu. Mtu anasema "kile kitu langu" na mwenzake anasema "kile kitu changu", tayari ngumi.

– Wanapigana kwa sababu ya kitu, mwalimu, si kwa sababu ya "changu".

– Ndivyo unavyodhani.

– Mimi nasema anyolewe, – alisema Wembe. – Msinicheke. Nimeshika vichwa vingi. Kichwa chenye nywele nyingi maneno yanaishia juu juu, kama mvua kwenye paa la nyasi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

– Wahenga hawakumaanisha masomo.

– Mwalimu, wahenga walikwambia wewe peke yako?

Breki alipandisha mkono, kama anayesimamisha magari.

– Nyote mnamchosha mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni akija, mwenyeji asijitese. Mimi nimepita njia nyingi na lori, nimegundua kwamba lugha hii haihitaji sentensi. Neno moja linatosha. Nzuri.

– Nzuri tu?

– Nzuri tu. Mimi nimeoa kwa nzuri. Wakwe waliniuliza habari za kazi, nami sikuwa na kazi. Nikasema nzuri. Wakaniuliza habari za nyumbani, nami nilikuwa nalala kwa rafiki. Nikasema nzuri. Harusi ikawa.

– Na mkeo alipogundua?

– Nilimuuliza habari ya hasira. Akasema nzuri.

Wembe alipiga paja.

– Huyu kwa mara ya kwanza kasema kweli. Yule jirani wa nyuma, siku nyumba yake inawaka, nilikutana naye anakimbia na ndoo. Nikamwambia, habari za asubuhi? Akasema, nzuri, jirani, ila nyumba inaungua.

Wote walicheka. Hata Mizani alitikisika kidogo, na benchi likatikisika naye. Binti hakucheka. Alikuwa amemtazama Wembe midomo.

– Ila, – alisema. – Ila ni nini?

– Ila ni ndugu yake "lakini", – alisema Ngeli, akifurahi kuulizwa. – Na hapo jirani alisema sawasawa. Ndivyo tulivyolelewa. Humtupii mtu msiba usoni. Kwanza unasema nzuri, umkaribishe akae, ndipo unasema ila. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri ni mlango, mjukuu wangu. Ila ndiyo chumba.

– Nzuri, ila, – alirudia binti.

– Vizuri sana. Umefika somo la pili.

Binti alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda, midomo ikicheza, kama mtu anayejaribu funguo kimya kimya kabla ya kugusa mlango. Kisha akasema:

– Mimi ninauliza.

– Uliza, – alisema Breki. – Ukiona wazee wanne pamoja, jibu halikosekani.

– Mama anapiga simu kwa babu. Mama anasema shikamoo. Mama anasema nzuri. Mama anasema haya. Simu inalala.

Mizani aligeuka. Ngeli alifungua mdomo kusahihisha hiyo simu inayolala, akaufunga.

– Halafu mama anakaa jikoni, – alisema binti. – Taa hapana. Chakula hapana. Mama analia. Kila Ijumaa.

Alimtazama mwalimu, maana ndiye aliyekuwa na majibu ya masomo.

– Mama hasemi ila. Babu hasemi ila. Kwa nini?

Gari la mkokoteni lilipita na mabati, likapiga kelele mpaka likakunja kona. Ngeli alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Breki aliangalia viatu vyake. Wembe, ambaye angeweza kumchambua mtu tangu anapokaa kitini hadi anapotikiswa kitambaa, aliuliza kama kahawa bado ipo.

– Imekwisha, – alisema Mama Birika, ingawa birika lilikuwa halijafika nusu.

Mizani alikuwa anafikiria Ijumaa. Alikuwa anahesabu, bila kutaka, ni Ijumaa ngapi alirudisha simu kwenye sahani akajiambia kwamba mwanawe ana raha zake, ana kazi, ana nyumba yenye taa. Kwamba mtu mwenye raha hasumbuliwi kwa habari za mzee na vyumba vyake. Naye huko, jikoni, bila shaka alijiambia hivyo hivyo. Kila mmoja alisimama mlangoni kwa mwenzake na kusema nzuri, akamwonea huruma mwenye nyumba, akaondoka.

Aliinuka bila kuaga.

Benchi liliinamia upande wa barabara. Breki akateleza hadi chini na kikombe chake, akabaki amekaa palepale mavumbini. Mizani aliingia karakana, akaichukua simu kwenye sahani. Haikuwa Ijumaa. Alirudi mlangoni, akasimama karibu na mjukuu wake, akabonyeza namba ambayo kwa miaka yote alikuwa ameipokea tu.

Iliita mara moja.

– Baba? Kuna nini? Mtoto hajambo?

– Hajambo. Yuko hapa, anakunywa kahawa.

– Alhamdulillah. – Sauti ilitua. – Shikamoo baba.

– Marahaba mama.

– Habari za huko?

Wote walimsikia, maana mwanawe alikuwa na sauti ya mama yake, sauti isiyojua kukaa ndani ya simu. Mama Birika aliacha jiko. Mizani alishika nguzo ya mlango kwa mkono uliobaki.

– Nzuri, mama, – alisema.

Kwa desturi ya miaka yote, zamu ya kusema sasa ilikuwa ya mwanawe, naye alianza kuitumia: za huku pia nzuri, baba...

– Ila, – alisema Mizani.

Mwanawe aliliacha neno katikati.

– Ila nyumba imekuwa kubwa, mwanangu. Tangu mama yako aondoke. Bado napika cha watu wawili. Nasahau. Chumba chako nakifagia kila Alhamisi, sijui nakifagilia nani.

Mjukuu alimtazama babu yake mdomoni, na yeye mwenyewe midomo yake ikifuata bila sauti: imekuwa kubwa, imekuwa kubwa. Ngeli alimwona. Hakusahihisha chochote, na hakukuwa na cha kusahihisha.

Simu haikulala. Ndani yake kulisikika kiti kikivutwa, kisha pumzi ya mtu anayekaa.

– Na huku nzuri, baba, – sauti ilisema mwishowe, polepole. – Ila.

Mizani hakusema haya. Alingoja.