Maisha ya Gleb Sazonov na Ugonjwa Aliotuficha

Wasifu uliosomwa na Alfred Musyoka, shemeji yake

Wapendwa waombolezaji, dada yangu Damaris ameniomba nisome habari za mumewe kama zilivyokuwa, si kama tulivyozoea kuzisimulia. Kuna mtoto wa miaka mitano anayehusika, na kufichana kumetosha.

Marehemu Gleb Sazonov, ambaye wengi wetu tulimwita Baba Lenny, alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 mjini Engels, Urusi, mtoto wa pekee wa Bi. Galina na marehemu Anton, dereva wa trekta. Alisoma shule ya michezo mjini humo. Akiwa na miaka kumi na tatu alikuwa ameshampita mwalimu mkuu kwa urefu, na nyumbani kitanda chake kiliungwa na benchi ili miguu ipate pa kulala.

Mwaka 2011 alisajiliwa na klabu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ng'ambo ya mto, Saratov. Alikuwa mwembamba na wachezaji wakubwa walimsukuma watakavyo, hivyo kocha akamfundisha kuanguka: akiguswa tu, chini, refa anapuliza. Alianguka vizuri hata mashabiki wakawa wanakuja kumtazama yeye. Msimu wa tatu ulikuwa wake. Alianza kila mechi, na timu moja ya Moscow ikaanza kumuulizia. Kisha, Septemba 2014, akaacha mpira. Sisi alituambia ni goti.

Alifika Dubai mwaka 2016 kufundisha watoto mpira. Damaris alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Al Garhoud. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Februari 2019, wakahamia mtaa wa International City, huko huko Dubai. Alipokwenda kwetu Kitui kujitambulisha, aliinama mlangoni, akakaa alipoonyeshwa, akala kila kilicholetwa, mpaka mama akauliza kama kwao hakuna chakula.

Lenny alizaliwa Juni 2020. Kliniki, daktari aliuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo wa baba. Damaris alikuwa amekaa kando ya mumewe. Gleb alijibu, "Hakuna."

Kila Ijumaa jioni marehemu alicheza mpira mtaani Al Quoz, Dubai, na walinzi ninaofanya nao kazi. Aliwafundisha ule ujuzi wake wa kuanguka, na uwanjani pale ikawa desturi: aliyeanguka hainuliwi, anapigiwa makofi mpaka aone haya, ainuke mwenyewe. Ijumaa tarehe 16 Januari 2026 alianguka bila kuguswa na mtu. Wakapiga makofi. Nahodha wao, Tonny, akamwambia, "Yalla, inuka, Baba Lenny, khalas, inatosha, refa hajaona kitu." Walipomgeuza, hakuwa akipumua. Tonny yuko hapa nasi. Damaris ameniagiza niseme mbele ya wote kwamba hamlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Kesho yake tulimpigia simu Bi. Galina, mwalimu mmoja aliyefundisha pamoja na marehemu, anayejua Kirusi, akitutafsiria. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba mwaka 2014 daktari wa klabu alikuta misuli ya moyo wake imekuwa minene, akamkataza kucheza maisha yake yote. Baba yake, Anton, naye alifariki hivyo hivyo, akichimba viazi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

"Mama, mbona hukuniambia?" Damaris aliuliza.

"Mwanangu, nilidhani unajua."

Nilimpenda shemeji yangu. Nina hasira naye pia, na sitaki kulisema hilo nyuma ya mgongo wake. Alifungiwa ligi kubwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, na naelewa kwa nini hakutaka kulitaja jambo hilo. Lakini pale kliniki aliulizwa kwa ajili ya mwanawe, na alipaswa kujibu.

Madaktari wanasema ugonjwa huu hurithiwa, na ukigunduliwa mapema mtu anaweza kuishi nao hadi uzeeni. Lenny ni mrefu kuliko wenzake wote darasani. Tumemkataza kukimbia, na hajaelewa kwa nini. Jumatatu anapelekwa kupimwa moyo.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Galina, ambaye hakuweza kusafiri, mkewe, Damaris, na mwana mmoja, Lenny. Mungu ampumzishe Gleb kwa amani. Sisi tutaipata amani yetu majibu ya mtoto yakitoka, yakiwa mema.