Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuipima Bahari Homa

Tarehe 30 Septemba, msimu wa vimbunga ukiwa umepamba moto, Doña Awilda Irizarry anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa bahari hapa La Parguera. Tarehe mbaya kuliko hiyo sijui angeipata wapi.

Alianza kwa kuosha vifaa, akaishia kuwa fundi mkuu wa vile vyombo vya njano vinavyozama na kuibuka vyenyewe baharini kupima joto la maji. Wengine huvipa namba, yeye alivipa majina ya shangazi zake. Kinachochelewa kurudi kila safari kinaitwa Carmela, na wanaomfahamu shangazi mwenyewe wanasema hakuonewa.

Wageni aliwaeleza kazi yetu huku akikoroga kahawa. Kimbunga hukoroga bahari: maji baridi hupanda juu, joto husukumwa chini. Ndiyo maana kimbunga cha pili kikipita njia ileile mara nyingi hupungua nguvu. Lakini joto lililozama halipotei. Mikondo hulibeba, na sehemu yake huibuka miezi mingi baadaye, mbali, ikavuruga hali ya hewa ya watu wasiotujua kabisa. "Likitoka hapa linakwenda kumsumbua nani?" alizoea kuuliza. Swali hilo lilimnyima raha, nasi tumelirithi.

Miaka sita iliyopita kimbunga kilikuja siku kumi na moja baada ya kingine. Wote tulitarajia kitakuta maji yaliyopoa. Carmela akaleta vipimo vya maji ya moto hadi mita tisini chini. Mimi, Migdalia Toro, ninayeandika haya, nilidhani kifaa kimeharibika nikavifuta vipimo kwenye taarifa ya tahadhari.

"Nani kakwambia kibovu?" Doña Awilda aliniuliza.

"Haiwezekani, Doña. Bahari ilishakorogwa."

"Basi mtume Providencia palepale. Mashangazi wawili hawawezi kudanganya sawasawa."

Providencia alileta vipimo vilevile. Taarifa ilisahihishwa kabla ya saa sita mchana, na watu wa ufukweni wakahamishwa siku moja kabla kimbunga hakijafika. Kimbunga kilizidi kupata nguvu, maana joto lilikuwa limeshuka chini mno hata kukoroga hakukupandisha maji baridi. Nyumba ya kaka yake Doña Awilda iling'oka paa, ndani hamna mtu. Sijawahi kumshukuru vya kutosha, na aibu yangu haijaisha.

Tangu hapo kila mwaka anakuta joto limeshuka chini zaidi. Hafichi kwamba anaogopa. Sisi hofu yetu tulikuwa tukiificha, kwa kuwa yeye alikuwepo kuogopa kwa niaba yetu.

Asante, Doña Awilda, kwa ukali wako, kwa pasteles zako za kila Desemba, zile za nyama zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, na kwa kutufundisha kutilia shaka matarajio yetu kabla ya vifaa. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu.

Mashariki ya visiwa kuna kimbunga kinajikusanya. Taarifa ya leo saa kumi na mbili jioni itatoka na jina langu chini yake. Tafadhali isome kabla hujaanza kupumzika.