Kichupa Kitupu cha Zakariya

Ukitoka Biashara Street kwa miguu kuingia Mji wa Kale, kuna kichochoro kinachopinda mara mbili, na kwenye kona ya pili pana baraza ya mawe iliyolainika kwa makalio ya watu. Kijiwe cha wazee wa mtaa kilikuwa hapo. Machi ile ya mwaka tisini na saba joto lilikuwa si la kusimuliwa. Paka walilala chali vizingitini, na muuza kahawa alimimina bila kunyanyuka kwenye kigoda chake. Asubuhi moja walikuwako wawili: Karisa, karani mstaafu wa bandarini, waliyemwita Forodha kwa kuwa hapiti mtu na mzigo asiuulize, na Masha, fundi rangi, waliyemwita Waziri kwa kuwa hajapata kuulizwa jambo akasema halijui.

Basi akatokea Zakariya, tarishi wa maabara moja ya utafiti, yuatoka uwanja wa ndege, kakumbatia themosi ya mdomo mpana kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe. Daktari wa maabara alimwambia aje moja kwa moja. Lakini kijiwe kilikuwa njiani, na kikombe kimoja, alijiambia, hakimcheleweshi mtu.

Forodha hakungoja akae vizuri. Akauliza mna nini humo. Zakariya akasema ni amana ya watu. Amana gani, akaulizwa, na hapo akajishtukia: miaka yote ya kubeba hajapata kukiona alichobeba. Akafungua. Mlikuwa na vipande vya barafu, na katikati, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, kichupa kidogo kama cha wanja. Akakitoa, akaiacha themosi wazi kando yake, akakiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa kitupu.

Akakigeuza juu chini, hakuna kilichotikisika. Kifuniko kimebana vilevile. Akakichunguza tena, kwani mwezi uliopita tu tarishi mwenziwe alifukuzwa kwa kifurushi kilichofika pungufu, na alipoapa hakuna aliyemsikiliza.

Forodha akavaa miwani, akakisoma kibandiko. Kizungu cha bandarini kilimtosha kuona neno panya, na mbele yake neno refu asilolijua, na uzito mdogo hata mizani ya unga wa dhahabu isingestuka. Yeye aliona jambo ni wazi. Kilichokuwamo kimetoroka huko juu, maana hewa ya angani ni nyembamba na kitu chepesi hakitulii.

Waziri akakataa. Kichupa kimejaa, akasema, ila kimejaa pumzi. Hushikwa panya mgonjwa, akapigishwa chafya mle ndani, kikafungwa upesi. Ndivyo madaktari wanavyojua homa inavyopita.

— Na huyo panya, pua yake humshika nani? Forodha akauliza.

— Wana vijikoleo, Waziri akasema, hata kope haikucheza.

Kichupa kikapita mkono hadi mkono. Muhdhar, muuza mafuta mazuri, akaja akitweta kwa joto, akakuta mabishano yamekolea na dele la kahawa limebaki mashapo. Akaiona themosi, akajimiminia barafu yote ndani ya bilauri, akaketi akitafuna. Ndipo akasikia panya akitajwa. Akakunja kanzu, akasogea mwisho wa baraza.

— Mimi hicho sikigusi, yakhe. Nina udhu wangu.

Kutokigusa hakukumzuia kukijua. Akawaeleza kuwa chupa ya udi hukaa tupu mwaka mzima na harufu isitoke. Basi hiyo ni harufu iliyokamuliwa kwa panya elfu, na atakayeifungua, paka wote wa Mji wa Kale watamfuata mpaka kaburini. Waziri akaona hilo lapimika. Wakakilaza kichupa mbele ya paka wa muuza kahawa. Paka akakinusa, akakiviringisha kwa mkono mmoja, akarudi kulala.

— Kitupu, Forodha akasema. Shahidi ni huyo.

Zakariya akakiokota, akakifuta kwa shati. Alikumbuka siku moja, mlangoni, daktari alianza kumweleza kuwa mwili una askari wake, na askari hao huitana kwa ujumbe. Siku hiyo alikuwa na haraka. Sasa alitamani angalisimama akasikia.

— Nikamwambie nini? akawauliza. Nimpe chupa tupu, niseme ndivyo ilivyokuja?

Mara Daktari Joy akatokea kwenye kona, kachoka kungoja, na kijiwe cha tarishi wake akikijua. Akawaamkia wazee, wakamuitikia, akakitwaa kichupa. Akakiinamisha kidogo, akawaonyesha chini kabisa ukungu mwembamba kama wa mtu aliyehema kwenye kioo. Ndicho hicho, akasema, kimekaushwa. Ni ule ujumbe wa askari wa panya, wa kujifunzia jinsi mwili unavyopigana na maradhi. Wala hakukamuliwa panya. Yalitwaliwa maagizo yake tu, vikapewa vijidudu, navyo vikaupika, kama mpishi anavyopika pilau ya nyumba nyingine akishaelezwa.

— Na panya mwenyewe hana habari? Waziri akauliza.

— Hana habari.

Muhdhar akashusha pumzi, akarudi karibu akitafuna. Daktari akakifumbata kichupa, akausikia uvuguvugu wa mikono ya watu. Akaitazama themosi.

— Na barafu iko wapi?

Meno ya Muhdhar yakasimama. Forodha akaanza kufuta miwani. Zakariya angeweza kunyoosha kidole, lakini hakunyoosha.

— Mimi ndiye niliyekitoa, daktari. Nilitaka kukiona.

Kikiwa kikavu hustahimili kidogo, daktari akasema. Huko maabarani seli ndizo zitakazosema. Zikiuitikia ujumbe, ungali hai. Leo hakuna ajuaye.

— Na umekiona? akauliza.

— Nimekiona.

— Basi twende, Mzee Zakariya. Tukatafute barafu.

Wakapinda kona. Muuza kahawa akalipindua dele, halikutoa kitu. Muhdhar akakitazama kipande cha mwisho kikiyeyuka ndani ya bilauri.

— Waziri, akasema polepole. Barafu iliyolala na ujumbe wa panya, mtu akiimeza, askari wake wataitika?

Waziri akamtazama paka.

— Hilo, ndugu yangu, silijui.